Kiroboto Anakunywa Jumapili

Jumamosi, 4 Machi

Mvua zimeanza, na mimi nimeanza kuandika, maana nisipoandika nitamtolea mtu mzima maneno mbele za watu halafu niambiwe sina adabu.

Leo Mjomba katujazia tangi, kama kila Jumamosi. Alisimama pale kituoni mikono nyuma, anautazama mshale unavyopanda kama vile petroli inatoka kwenye mishipa yake. Maisha yake yote alikuwa mtunza bohari. Yeye amestaafu, macho yake bado yako kazini.

"Mpwa wangu," akasema, "mafuta haya ni ya kumpeleka mama yako hospitali na kumrudisha, basi. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Wiki iliyopita yameisha Alhamisi. Yanakwenda wapi?"

Ananiuliza mimi! Mimi ninayezima injini kwenye foleni, nisiyewasha kiyoyozi hata jasho linichuruzike mpaka kiunoni, ninayebadili gia kabla injini haijainua sauti. Mimi niliyefundishwa na Mama.

Na Mama si dereva wa kubahatisha. Nusu ya madereva wa mji huu wamepita mikononi mwake, tena kwenye gari hili hili, Kiroboto, dogo, jekundu, ambalo mpaka leo lina breki ya pili upande wa abiria, breki ya mwalimu. Wanafunzi wake wote waliendesha pekupeku. Viatu unaviacha nyuma ya kiti ili unyayo uusikie mwendo. "Mguu wa paka," alikuwa anasema. "Paka hakanyagi, anaweka." Ukiikimbilia taa nyekundu anakuuliza, "Pale kuna nini kizuri mbona unapakimbilia?" Na ukifunga breki kwa nguvu: "Haya, umeshamwaga mafuta barabarani. Shuka uyazoe."

Mwaka jana figo zake zikagoma. Sasa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na hospitali iko ng'ambo ya mji, juu ya mlima. Daktari amemkataza kabisa kugusa usukani. Kwa hiyo naendesha mimi, asubuhi zile tatu, halafu nakwenda kazini kwangu, duka la miwani, kusaga vioo mpaka jioni.

Mjomba hakuishia hapo. Alisema mvua zikiisha na gari bado linakunywa hivi, linauzwa, na Mama atahamia chumba cha kupanga karibu na hospitali, aende kwa miguu. Alisema hayo Mama yuko ndani ya gari, kioo kiko wazi.

Tulipofika nyumbani Mama alishika fremu ya mlango wake, akasema: "Nyumba hii nimeijenga kwa kukaa kiti cha pembeni nikiogopa kufa kila siku. Nikafie chumba cha mtu? Ng'o."

Jumapili, 5 Machi

Kaka amekuja kumtembeza Mama, kama kila Jumapili. Wamerudi jioni.

Jumatatu, 6 Machi

Robo tangi imekwenda! Robo! Jumamosi limejaa, Jumatatu asubuhi naketi, mshale huo umeshuka kama mtu aliyekatwa kauli.

Si hilo tu. Kiti cha dereva kimevutwa mbele mpaka magoti yangu yakagonga chini ya usukani. Kaka yangu ni mrefu kama nguzo ya umeme, na kazi yenyewe ni hiyo hiyo, fundi umeme. Mtu mrefu anavuta kiti mbele wa nini? Nimepata jibu bila kuuliza: amepakia mizigo yake nyuma. Anamchukua Mama kwa jina la matembezi, anapitia kazi zake na mabunda ya nyaya. Mzigo, mwendo, robo tangi. Mahesabu yamekubali.

Nimempigia simu. "Kaka, jana mlikwenda wapi?"

"Kutembea tu."

"Na mafuta?"

"Foleni, mdogo wangu."

Foleni! Siku ya Jumapili! Hivi huyu ananiona nimetoka tumboni leo?

Ijumaa, 10 Machi

Tumefika na kurudi, lakini taa ya mafuta imewaka njia nzima ya kurudi. Mama kalala.

Jumatatu, 13 Machi

Robo tena. Kiti mbele tena. Na leo nimeona kitu kilichonichemsha damu: kwenye ile breki ya mwalimu kuna tope, limekauka. Maana yake jana kwenye kiti cha abiria mtu aliikanyaga, na kwenye kiti cha abiria hukaa Mama. Mgonjwa! Kaka kaendesha vibaya mpaka mama mgonjwa imebidi amfungie breki!

Nikamuuliza Mama, "Kaka anaendeshaje?"

Akafikiri. "Anatulia sana," akasema, kisha akageuza uso dirishani.

Wazazi na watoto wao wa kiume, loo! Mimi nikipita kwenye kijishimo kidogo tu nasikia "Taratibu!" Yeye anatulia sana.

Alhamisi, 16 Machi

Mvua usiku na mchana. Dukani hakuna mteja.

Jumamosi, 18 Machi

Nimempeleka Kiroboto kwa fundi, nithibitishe. Akamkagua, akamwasha, akamsikiliza. Kisha akachuchumaa kwenye tairi za mbele.

"Dada, unaendesha na nani?"

"Kwa nini?"

"Tairi hizi ni za mtu anayeondoka kwa hasira. Hapa mtu anakanyaga mafuta mpaka tairi inateleza kabla haijashika. Gari lako halina ugonjwa. Ugonjwa uko mguuni."

"Mguu wa nani?"

"Mimi ni fundi magari, si mganga."

Sihitaji mganga. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtoto wa Mama yuleyule, ziwa lilelile, halafu mguu kama nyundo!

Mjomba amejaza tangi jioni. Nikataka kumwambia ukweli wote kuhusu Kaka. Mama aliyekuwa kiti cha nyuma akakohoa, nikameza maneno.

Jumatatu, 20 Machi

Robo. Na zaidi kidogo.

Jumatano, 22 Machi

Nimejaribu kila kitu. Nimejaza upepo tairi zote. Nimefungua buti nikakuta mnyororo wa kuvutia magari, mfuko wa mchanga wa tangu Mama anafundisha, na betri iliyokufa. Nikavitoa vyote vikakaa kibarazani. Nafunga vioo nikiwa kwenye barabara kubwa, upepo usinivute. Nikiona taa nyekundu mbali naondoa mguu mapema, gari linajiendea lenyewe, wa nyuma yangu anapiga honi. Apige! Honi yake haijazi tangi langu.

Yaani nakusanya tone kwa tone kuanzia Jumatatu, kuna mtu anakuja Jumapili na ndoo.

Ijumaa, 31 Machi

Hata nguo zilizoloa sijabadili, lakini lazima niandike.

Asubuhi mvua ilikuwa inamwagika kama imetobolewa. Barabara ya chini imejaa maji, askari wakatugeuza tupite njia ndefu, na kwenye njia ndefu foleni haisogei. Nazima, nawasha, nasogea urefu wa gari moja, nazima. Mama nyuma alikuwa amevimba macho, pumzi fupi. Siku mbili bila mashine, maji yanamjaa mwilini, hana pa kuyapeleka. Taa ya mafuta iliwaka tangu nyumbani. Nilijua kwa njia ya kawaida tungefika. Njia ndefu haikuwa kwenye mahesabu.

Katikati ya mlima wa hospitali Kiroboto akakohoa mara mbili akazima. Jengo la hospitali tunaliona pale juu. Nimewasha, nimewasha tena, hakuna. Magari yanapita pembeni yakitumwagia maji, kila dereva ananitolea macho kama nimeegesha kwa raha zangu.

Nikampigia Kaka. Nilimwambia maneno siyaandiki hapa. Akaja kwa pikipiki, ameloa chapachapa, kidumu cha petroli amekikumbatia kifuani. Nilimfuata katikati ya barabara.

"Umefurahi sasa? Sema umefurahi! Kila Jumapili unachoma mafuta ya mama yako kwa starehe zako, na leo anakata pumzi barabarani! Hivi wewe ni mtu?"

Hakujibu. Alikuwa anamimina petroli, mvua inamtiririka puani. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu asiye na hatia hujitetea, nikasema moyoni.

Ndipo Mama akashusha kioo. "Mwache kaka yako," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, nikaona amechoka tu.

Tulipofika mashine yake wamempa mgonjwa mwingine. Muuguzi akaniambia, "Dada, tungesubiri mpaka lini?" Nikamwambia tungekuja na mabawa kama angetukopesha. Mama alilazwa na oksijeni puani mpaka jioni mashine moja ilipopatikana. Nimekaa pembeni ya kitanda, viatu vimejaa maji. Kaka alisimama nje ya mlango muda wote, hakuingia.

Jumamosi, 1 Aprili

Mjomba amesikia. Kikao cha familia Jumamosi ya wiki ijayo. "Safari hii tunamaliza," kasema.

Jumapili, 2 Aprili

Leo funguo nimezificha ndani ya pipa la unga. Kaka alipofika nikamwambia gari haliendi popote. Hakubisha. Akaondoka.

Mama alikuwa ameshajiandaa, amekaa kibarazani na kitambaa chake kizuri kichwani. Akakaa pale mpaka giza likaingia. Chakula hakugusa.

Jumatano, 5 Aprili

Mama haongei na mimi. Nampeleka, namrudisha. Jana nimemuuliza kama anataka chai akaniambia, "Kama unaona nastahili." Jamani! Namwokolea nyumba yake, na mimi ndiye mbaya.

Lakini mafuta yapo. Tangu Jumamosi mshale haujafika hata nusu. Nikamwonyesha. "Unaona Mama? Bila Jumapili, tunafika." Akautazama ule mshale kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtu asiyemfahamu.

Ijumaa, 7 Aprili

Nimemwona leo kwenye mashine. Macho yako darini, mikono juu ya shuka, mirija inatoa damu na kuirudisha. Wenzake wanapiga soga, yeye kimya. Jumapili za nyuma zilikuwa zinamwachia kitu cha kutembea nacho mpaka Ijumaa, nikakumbuka, alikuwa hata anawatania wauguzi. Kikao ni kesho. Nimempigia Mjomba nikamwomba siku chache, tufanye Jumamosi inayofuata. Kaguna, kakubali.

Kisha nikampigia Kaka. "Jumapili njoo. Lakini na mimi nakuja."

"Muulize Mama kwanza," akasema.

Jumapili, 9 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, lakini si hasira ileile.

Nilikaa nyuma. Kaka akaendesha, na ukweli usemwe, mguu wake ni mwepesi kuliko wangu. Gia zake hazisikiki. Kwenye taa anaondoa mguu mapema, vilevile kama mimi. Pekupeku! Nikaanza kuchanganyikiwa.

Tulitoka nje ya mji mpaka ile barabara mpya ambayo imeshawekwa lami lakini bado haijafunguliwa. Imenyooka mpaka macho yanaishiwa, hakuna mtu wala ng'ombe. Kaka alimsalimia mlinzi kwa jina la utani, mlinzi akasogeza pipa lililoziba njia. Kaka akasimamisha gari, akavaa viatu, akashuka topeni, akazunguka kwenda upande wa abiria.

Na Mama akashuka, akavua viatu, akaja kukaa kwenye usukani. Akavuta kiti mbele.

"Mama!" nikasema. "Mama, daktari..."

"Daktari hayupo. Funga mkanda."

Alikanyaga. Mimi najua kuandika lakini hapa sijui. Tairi zililia, shingo yangu ikarudi nyuma, gia ya pili injini inapiga kelele kama inachinjwa, nami pia. Mwalimu wa mguu wa paka! Kaka yuko pembeni, mguu wake mkubwa umeelea juu ya breki ya mwalimu, kiatu kimejaa tope. Na Mama anacheka. Anacheka kwa sauti mpaka machozi, kicheko sijakisikia tangu figo zake zigome, labda hata kabla.

Mwisho wa lami akafunga breki, hizo breki mngeziona, akazima injini. Tukakaa tunahema.

Nililipuka. "Kwa hiyo ni wewe! Wiki zote hizi namtukana mwanao, na wewe umekaa tu! Umenifundisha mwenyewe, kila breki ni mafuta yanamwagika! Siku ile mlimani ungekufa, Mama!"

"Siku ile nilijua ni mimi," akasema. "Niliona aibu, nikashindwa kusema. Ndiyo maana nilikwambia umwache."

"Na wewe?" nikamgeukia Kaka. "Mdomo ulikuwa umeshonwa?"

"Aliniapisha," Kaka akasema. "Ungemwambia Mjomba, na Mjomba angechukua funguo. Afadhali unitukane mimi."

Mama alishika usukani kwa mikono yote miwili. "Sikiliza, mwanangu. Maisha yangu yote nimekaa kiti hicho cha pembeni nikiwaambia watu polepole. Kila aliyeshika usukani huu alikuwa anaogopa, na mimi naogopa kwa niaba yake. Zamu yangu ilikuwa lini? Sasa kule kwenye mashine damu yangu inatoka na kurudi bila kuniuliza. Hapa nikikanyaga, kuna kitu kinanitii. Ni Jumapili tu. Najua ninachokimwaga."

Nimekasirika kwamba hakuniambia. Nimekasirika zaidi kwamba alikuwa na sababu ya kutoniambia.

Alhamisi, 13 Aprili

Nimemwomba Kaka radhi kwa simu. Akasema, "Yale maneno ya siku ya mvua, moja sikulijua. Lina maana gani?" Tumecheka. Mjinga huyu.

Jumamosi, 15 Aprili

Kikao. Mjomba kakaa kiti cha mbele, daftari la bohari liko mapajani, hata halina kazi hapa. Mnunuzi ameshampata.

"Gari hili linatumia kuliko gari la mizigo," akaanza. "Haliuzwi kwa sababu ya chuki. Nataka kuelewa tu. Ni mguu wa nani?"

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Nikamwona anavuta pumzi ya kusema. Kaka naye akafungua mdomo.

"Ni mimi, Mjomba," nikasema.

Yaani mimi! Mimi ninayeteremka mlima kwa mteremko wenyewe tu! Maneno yalinitoka yakiniunguza ulimi. "Mguu wangu ni mzito. Nachelewa kubadili gia. Napenda mwendo."

"Nilijua!" Mjomba akapiga paja. "Nilijua tangu siku ya kwanza! Mguu kama gunia la chumvi, na mama yake ndiye mwalimu wa mji mzima! Huoni haya?"

"Naona, Mjomba." Na kweli niliona haya, mashavu yanawaka.

Alinihubiria mpaka chai ikapoa. Taa nyekundu, tairi, gia. Kila alichosema alikisikia kwa Mama, tena nusu amekikosea. Nikaitikia kila neno. Kisha akamgeukia Mama. "Dada, kabla hatujauza, tumpe nafasi moja. Mfundishe upya huyu. Kila Jumapili, mpaka mvua ziishe. Ukae naye wewe mwenyewe ndani ya gari. Utaweza?"

Mama aliinua uso. Uso mkavu kama sahani iliyofutwa. "Nitajaribu, mdogo wangu," akasema. "Lakini huyu ni mgumu sana."

Kaka ilibidi atoke nje.

Jumamosi, 22 Aprili

Wiki nzima nimemwendesha Kiroboto kama nabeba mayai. Muuguzi amekubali tuingie mapema kabla ya foleni. Leo kituoni Mjomba akachungulia dashibodi: robo nzima imebaki, maana Jumapili iliyopita Mama alikuwa hoi, hatukwenda.

"Unaona?" akaniambia mbele ya watu wote wa kituo. "Somo moja tu! Mama yako ni mwalimu." Habari ya chumba hakuitaja. Alimpigia mnunuzi palepale akamwambia atafute gari jingine.

Somo lenyewe halijafanyika hata moja. Niliuma meno mpaka nyumbani.

Jumapili, 23 Aprili

Somo. Kaka kaniachia kiti cha mbele, yeye kabaki na mlinzi kwenye pipa. Mama leo ana nguvu. Kavua viatu, kavuta kiti mbele, kajifunga mkanda. "Mara moja tu kwenda, mara moja kurudi," nikamwambia. "Ndivyo mshale unavyoruhusu."

"Sawa, mwalimu," akasema, na akakanyaga.

Mafuta niliyoyakusanya tone kwa tone tangu Jumatatu, kwenye kila taa, kila foleni, kila mteremko, huku watu wakinipigia honi, yakaanza kumwagika kwenye ile lami. Injini imekwama gia ya pili, inaomba ya tatu kama mtu anayeomba maji.

"Mama, gia!"

"Nyamaza, uko darasani."

Mguu wangu ulikuwa juu ya breki ya mwalimu. Nikautazama mshale. Nikamtazama Mama, mdomo wazi, kitambaa kimemwangukia mabegani. Nikaurudisha mguu chini ya kiti.

"Ongeza," nikamwambia.